Aliyewasimamisha Watoto Juu ya Benchi

Kuna mtu mmoja tu niliyemchukia kwa muda mrefu maishani mwangu, na mtu huyo alikuwa anafua kwa mikono yake mikeka ya watoto waliokojoa usingizini, kila asubuhi, kabla wenzao hawajaamka wakaanza kuwacheka. Naanza na hilo ili baadaye nisionekane nimeficha kitu. Mazuri yake nayajua. Niliyaona kwa macho yangu kwa miaka minne. Hayakunizuia kumchukia.

Tulimwita Mwinjilisti. Jina lake liliandikwa kwenye kadi ya mgao na kwenye karatasi za ofisi, lakini sikumsikia mtu akilitumia. Watoto walimwita Papa Mwinjilisti. Mimi nilimwita "baba" nikiwa na shida na "mzee" nikiwa na hasira, na kwa hiyo mara nyingi nilimwita mzee.

Kanisa lake lilikuwa na nyumba ya watoto ndani ya kambi ya Nyarugusu: mabanda mawili ya matofali ya udongo, jiko la moshi, na uwanja mwekundu uliochimbika kwa mvua. Walikuwa wakiletwa pale watoto waliovuka ziwa bila mzazi, wengi kutoka Kongo, baadhi kutoka Burundi, wakisubiri kutafutiwa ndugu au familia ya kuwalea. Mimi ni mwanamke Muha wa Makere. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na nafasi ya chuo haikutokea, nikapata kazi pale ya kusaidia walezi na kutafsiri. Kirundi nilikisikia bila kufundishwa kwa sababu kiko karibu na Kiha cha mama yangu. Kiswahili cha Wakongo, chenye 'batu' na 'byote' badala ya 'watu' na 'vyote', ambacho ndicho alichosema Mwinjilisti mwenyewe, nilikizoea baada ya mwezi. Kiingereza ndicho hasa kilichonipatia kazi, maana wageni wa kanisa walikuja kutoka ng'ambo mara tatu au nne kwa mwaka, na Mwinjilisti hakukijua.

Alikuwa mrefu, mabega yameinama kama mtu anayepita kila mara kwenye mlango mfupi. Alivaa shati jeupe la mikono mirefu na alifunga vifungo vyote mpaka shingoni, hata saa saba mchana wakati mabati yanaunguza. Hakukunja mikono ya shati hata alipofua, kwa hiyo mpaka karibu adhuhuri nguo ilikuwa imemgandia kwenye vifundo vya mikono. Walezi walisema ana makovu. Wengine walisema ni maringo tu. Hakuna aliyewahi kumuuliza, na hilo nalo linamweleza: yeye aliuliza kila mtu kila kitu, lakini watu walipokaa naye walijikuta hawana swali.

Sauti yake ilikuwa ndogo. Ningependa kusema alikuwa mkali wa kupiga kelele, ingekuwa rahisi kwangu. Hakuwahi kumpiga mtoto. Alimshika begani, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto, akasema polepole jambo ambalo mimi ningeona afadhali kofi.

"Acha kulia. Ukilia, unamwambia Mungu hakuwepo. Alikuwepo. Aliona byote."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya nyumba: hatulii. Msichana mdogo wa Kirundi aliungua mkono kwa uji wa moto siku moja, akauma midomo mpaka ikatoka damu, akimwangalia Mwinjilisti. Mwinjilisti akamsifu mbele ya wenzake. Halafu akambeba mgongoni, yeye mtu mzima kiasi kile, akatembea naye kwa miguu mpaka zahanati ya kanda ya pili, mvua inanyesha, akamfunika kwa turubai na yeye akiloa. Niliwafuata nyuma. Njia nzima nilimsikia anamwimbia kwa Kirundi kibovu alichojifunza kutoka kwa watoto wenyewe. Sikujua nimwone vipi. Nilikuwa natamani achague kuwa mtu mmoja.

Chakula alikula mwisho. Ukoko wa ugali wa unga wa njano ndio uliokuwa sehemu yake, na mchuzi wa njegere kama ulibaki. Wakati mgao ulipopunguzwa alikuwa anapeleka wa kwake jikoni, akisema ana mfungo. Mfungo huo ulidumu miezi. Nikimwona anapepesuka uwanjani nilikuwa namletea ndizi mbivu kutoka Makere, na alizipokea bila asante, akazikata vipande, akawagawia watoto, akaniambia, "Kesho leta nyingi."

Asante lilikuwa neno ambalo hakulitumia kwa wanadamu. Tuliwahi kwenda Kasulu mjini, yeye akiwa na kibali cha mkimbizi cha kutoka kambini siku moja, kutafuta sabuni, maana upele ulikuwa umewaingia watoto na ugawaji wa sabuni ulichelewa. Tuliingia kwenye duka la Mwislamu mmoja, mzee mwenye asili ya Tanga, mpole. Nilimweleza shida yetu. Yule mzee hakuuliza watoto ni wa dini gani. Aliteremsha katoni mbili kutoka rafu ya juu, akazifunga kwa kamba, akanisaidia kuzipandisha kwenye baiskeli.

Mwinjilisti akainua macho juu, akasema, "Mungu, asante kwa sabuni."

Mwenye duka akatabasamu. "Amin. Nami nikusaidieni na dawa ya upele, au hiyo ataleta Yeye mwenyewe?"

Mimi nikacheka. Mwinjilisti hakucheka. Tulipotoka aliniambia kwamba mtu yule ana kiburi. Nilimjibu kwamba mtu yule ana sabuni, na hatukuongea tena mpaka Makere. Lakini nilimwona, kabla hatujaachana njia panda, ameshika ile kamba ya katoni na kuipapasa, kama anamtafuta mtu wa kumwomba radhi asijue aanzie wapi.

Hadithi ya Krismasi aliisimulia vizuri kuliko mchungaji yeyote niliyewahi kumsikia. Watoto walimzunguka, naye akatembea na Yusufu na Mariamu mpaka unahisi vumbi. Lakini kila mwaka, alipofika kwa yule mfalme na watoto waliouawa, aliruka. Familia takatifu ilikimbilia Misri, basi, tuimbe. Mwaka wangu wa pili, mtoto mmoja aliyekuwa anajua kusoma, na aliyekuwa ameisoma mwenyewe, aliinua mkono.

"Papa, malaika alimwambia Yusufu akimbie."

"Ndiyo."

"Na wale baba wengine, malaika hakuwaambia?"

Nilikuwa nimekaa nyuma. Chumba kizima kilimwangalia Mwinjilisti. Wote pale walikuwa watoto wa wale baba wengine. Akafunga kitabu, akakiweka magotini, akatazama mlango. Nilidhani atasema kitu. Kwa dakika ile nilikuwa tayari kumpenda, angesema tu kwamba hajui.

"Chukueni ndoo," alisema. "Maji ya kupikia yamekwisha."

Maji hayakuwa yamekwisha.

Sasa niseme kuhusu benchi.

Mwinjilisti aliamini kwamba maumivu ya mtoto yakisemwa mbele za Mungu na mbele za watu yanageuka ushuhuda, na yakibaki ndani yanaoza. Lilikuwa neno lake, alilirudia kwa walezi, kwa wageni, kwa maofisa. Kwa hiyo Jumapili, baada ya nyimbo, alileta benchi mbele ya kanisa, akamsimamisha mtoto juu yake ili aonekane, na mtoto akasema yaliyompata. Mwishoni mtoto alitakiwa kusema, "Na mimi nimewasamehe." Watu wakaitikia haleluya.

Sitaki kudanganya. Kuna waliofaidika. Mvulana mmoja wa Kirundi ambaye hakuwa akisema neno wala kulala usingizi, aliposhuka kwenye benchi alilala siku ile mpaka jioni, na kuanzia hapo akawa anaongea. Mwinjilisti alinionyesha mtoto huyo kwa kidole kila nilipobisha. "Muangalie," alisema. "Wewe ungemfanyia nini?" Nilikuwa na hasira tu, na hasira haikumlaza mtoto.

Lakini Jumapili za wageni zilikuwa tofauti. Jumapili za wageni alichagua. Nilimwona Ijumaa akipita mabandani, akimtazama huyu na yule, na nilielewa anatafuta nani atawaliza watu bila yeye mwenyewe kulia. Wale wageni walikuwa watu wema. Blanketi zilitoka kwao, na vyerehani, na madaftari. Na mwema akishaona mtoto juu ya benchi, akasikia habari zake kwa lugha yake kupitia kinywa changu, analia, anafuta macho, anaahidi. Nilikuwa mimi ndiye ninayewaliza. Mwinjilisti hakuwa na Kiingereza. Nilikuwa nacho mimi.

Faida aliletwa akiwa na miaka kama kumi, kutoka upande wa Fizi, huko Kongo. Alikuja na sufuria. Haikuwa kubwa: ya bati, imebonyea upande mmoja, ina mshikio mmoja. Alilala nayo, alikula kwayo, alienda nayo chooni. Ilichukua wiki kadhaa kabla hajanieleza, tukiwa wawili tunachambua mchele nyuma ya jiko. Kijiji chao kilivamiwa asubuhi. Mama yake alimwambia, mshike mdogo wako mkono, na sufuria, kimbieni kwenye mihogo. Alikuwa na mikono miwili, mmoja wa mtoto na mmoja wa sufuria. Walipofika kwenye kijito, kijito kilikuwa kimejaa na sufuria ilimponyoka ikaanza kwenda na maji. Akaachia mkono wa mdogo wake ili aikamate. Aliikamata. Alipogeuka, watu walikuwa wengi wanakimbia na mdogo wake hakuwepo. Hakumwona tena, akiwa hai wala akiwa amekufa.

Hakulia aliponieleza, kwa sababu ya sheria ya nyumba.

Nilikosea. Nilimweleza Mwinjilisti. Nilidhani itamfanya amwache, asimpandishe kwenye benchi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafumba macho, na alipofumbua nikaona tayari ameshaanza kuigeuza.

Ushuhuda wa Faida ukawa hivi: maadui walimwua mdogo wangu, lakini Mungu aliniachia sufuria hii kuwa ishara kwamba hataacha kunilisha, na mimi nimewasamehe. Mwinjilisti alimfundisha maneno hayo kwa upole, jioni baada ya jioni. Alimfundisha pia wakati wa kuiinua sufuria. Faida aliusema mbele ya wageni mara nne kwa muda wa mwaka na nusu, na mimi niliutafsiri mara nne. Kila mara niliona watu wakiitazama ile sufuria kuliko mtoto.

Mara ya tano wageni walikuwa wengi, wamejaza viti vyote vya mbele. Faida alipanda benchi. Alikuwa amerefuka, na gauni la kanisa lilimbana mabegani. Mwinjilisti akampa ishara kwa kichwa. Faida akaacha sufuria ining'inie mkononi, akasema kwa sauti ya kawaida, siyo ile ya kufundishwa:

"Hakuna mutu niliyemsamehe. Wale batu sikuona hata sura zao. Miye ndiye niliachia mkono. Nilichagua sufuria. Wa kunisamehe ni mdogo yangu, na hayuko. Kila mukileta wageni munasema niinue sufuria. Sitainua tena."

Akashuka. Akaiweka sufuria chini, mbele ya meza ya madhabahu, akaenda kukaa na wenzake.

Kanisa zima lilisikia. Wakongo walisikia, Warundi wanaojua Kiswahili walisikia, mwanamke mmoja akaanza kutoa sauti ya kilio akaiziba kwa kitenge. Mwinjilisti alisikia kila neno. Waliobaki bila kujua walikuwa wageni, na wote walinigeukia mimi, nyuso zimefunguka, wanasubiri.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilihofia kibarua changu. Nilimwonea aibu Faida. Niliwaonea aibu wageni. Kulikuwa na sababu nyingi na hakuna hata moja inayotosha. Nilifungua mdomo nikasema kwa Kiingereza: Anasema anamshukuru Mungu, na anawashukuru ninyi, na leo anatoa kitu pekee alichobaki nacho, kama sadaka.

Wakacheka kwa furaha. Wengine wakaanza kupiga makofi. Bibi mmoja mwenye nywele nyeupe akasimama, akaenda mbele machozi yanamtiririka, akaiokota sufuria na kuikumbatia kifuani.

Mwinjilisti akanisogelea. "Umebaambia nini?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Nikamwambia.

Alikuwa na nafasi ya kusema hapana. Angenyoosha mkono tu, angeichukua sufuria kwa yule bibi na kumrudishia mwenyewe. Mtu hahitaji kujua Kiingereza kwa jambo hilo. Nilimsubiri afanye hivyo. Namaanisha nilitaka anisahihishe mbele ya wote.

"Basi," alisema. "Baende nayo."

Nilimwona Faida wakati gari linaondoka. Hakukimbia nyuma ya gari. Alisimama karibu na tanki la maji, mikono yote miwili iko wazi, anaitazama kama hajui ina kazi gani.

Nilimfuata Mwinjilisti nyuma ya jiko. Sikumwita baba.

"Mzee, mrudishie mtoto kitu chake. Nitaandika barua leo hii hii. Nitasema nilitafsiri vibaya."

"Ukiandika, itasema nini? Kwamba tunabadanganya?" Alikuwa anakunja gunia lililokuwa tupu, analikunjua, analikunja tena. "Baliahidi mablanketi. Wakati wa baridi uko karibu. Batoto banalala chini."

Hii ndiyo iliyonifanya nimchukie zaidi, kwamba alikuwa na sababu. Kule kwetu juu, mwezi wa sita, asubuhi unaona mvuke unatoka midomoni mwa watoto.

"Na wewe," nikasema, "mbona hujawahi kupanda lile benchi? Ulivuka ziwa kama wao. Mkeo yuko wapi? Watoto wako wako wapi? Simama useme. Tutaitikia haleluya."

Aliacha kukunja gunia. Nilifikiri atanifukuza kazi, na nilitaka anifukuze.

"Miye nikipanda, nitaanguka," alisema. "Batoto beko wepesi. Banasimama."

Akaliweka gunia begani akaenda.

Blanketi zilikuja. Miezi miwili baadaye ilikuja pia bahasha, na ndani yake picha: sufuria ya Faida juu ya rafu nyeupe kwenye kanisa la ng'ambo, imejazwa maua. Nyuma ya picha waliandika maneno ya shukrani. Nilimsomea Mwinjilisti. Aliichukua picha akaitia kwenye mfuko wa shati, na sikuiona tena. Faida alikuwa ameshaondoka. Alihamia kwa mama mmoja Mkongo wa kanda nyingine aliyekubali kumlea, na hakukanyaga tena kanisani.

Nami niliondoka kabla mwaka haujaisha. Nilipata chuo cha ualimu, nikapangiwa kufundisha Titye, ndiko niliko mpaka sasa. Naimba kwaya. Nasali. Lakini tangu siku ile, mtu akisema kanisani kwamba mateso ya watoto ni njia ya Mungu ya kutufundisha, natoka nje, na watu wa Titye wameshazoea. Wanadhani nina tatizo la pumzi.

Mwaka huu, vita vya kule Kongo vilipowasukuma watu tena kuvuka ziwa, akina mama wa kanisa letu walikusanya nguo za watoto. Nikachaguliwa kwenda kuzipeleka kwa sababu nilikuwa naijua kambi. Tulikabidhi nguo mapokezi, wenzangu wakakaa kungoja gari, nami nikaomba nipite kumtafuta Faida. Nilikuwa na jambo la kumwambia. Nilikuwa nalo kwa miaka mingi na nilikuwa nimelipanga vizuri, neno kwa neno, kama tafsiri.

Haikuwa vigumu kumpata. Anauza mandazi karibu na kisima, na kila mtu anamjua. Mtoto wa jirani alinionyesha nyumba: ya udongo, safi, ua umefagiliwa, maharage makavu yametandazwa juu ya mkeka bado na maganda yake. Na juu ya mkeka huo, mtoto mchanga amemlalia mapajani, alikuwa amekaa Mwinjilisti.

Alikuwa amezeeka kwa ghafla, kama wazee wa kambini wanavyozeeka. Alinitazama, akanijua, akainamisha kichwa. Mikono yake iliendelea kuchambua maharage juu ya kichwa cha mtoto, polepole, ili asimwamshe.

Faida akatoka ndani. Alikuwa mwanamke mrefu, ana kitambaa kichwani, ana unga viganjani. "Dada mkalimani," alisema. Hakushangaa sana. Nikamshika mkono nikamvuta nyuma ya nyumba.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Anashika mtoto wangu. Nikienda kuuza namwachia."

"Umemsamehe?"

"Hapana." Alijibu kama mtu aliyeulizwa kama nyumbani kuna chumvi. "Siku ya kwanza alikuja akasimama pale. Nikamwambia, Papa, sikukusamehe, na usiniombe. Akasema sawa. Akauliza kama anaweza kunichotea maji. Ni mwaka wa tatu sasa."

"Na haombi msamaha?"

"Haombi. Hahubiri pia. Nilimkataza kusali hapa, anasali kwake."

"Basi kwa nini unamruhusu?"

"Analia," alisema. "Mtoto akilia, na yeye analia. Sikuwahi kumwona hivyo pale nyumbani ya batoto. Siku ya kwanza nilidhani ni mgonjwa." Akafuta unga kwenye kitenge. "Sasa hivi namwacha alie."

Nilijua kama sitasema wakati ule sitasema kamwe. "Faida, ile siku ya mwisho kanisani. Wewe ulisema yale uliyosema, na mimi sikuyatafsiri. Niliwaambia wale wazungu kwamba..."

"Najua."

"Hukujua Kiingereza."

"Walicheka," alisema. "Nilisema niliachia mkono wa mdogo yangu, na wao walicheka kwa furaha, wakapiga makofi. Mutu hawezi kufanya vile kama ameambiwa kweli. Nilijua palepale." Alikuwa ananitazama usoni, bila chuki, bila kunihurumia. "Nilikungoja uje kuniambia. Nikiwa mtoto nilikungoja sana. Nilikuwa nasema, yule dada atakuja."

Maneno yangu yote niliyoyapanga yakaisha. "Na mimi?" nikauliza. "Mimi umenisamehe?"

"Wewe?" alisema Faida. "Wewe hukurudi. Yeye alirudi."

Akaingia ndani. Nilisimama pale nyuma ya nyumba nikisikia karai la mafuta linachemka. Gari letu lilikuwa linaondoka saa tisa. Ningeweza kupita upande wa pili nikafika barabarani bila kuonana na mtu. Niliwaza hivyo, na naandika kwamba niliwaza.

Faida akatoka na ungo, akanipa.

"Maharage ni mengi," alisema. "Kaa."

Nikarudi mbele. Yule mzee alinisikia nikija, akakusanya miguu yake, akamhamisha mtoto kwenye paja la pili, akasogea mpaka ukingoni mwa mkeka. Sikumsalimia. Bado nilikuwa namchukia, na nadhani alijua. Nikakaa kwenye nafasi aliyoniachia, nikachukua maharage ya upande wangu, nikaanza kuchambua.